Mwili Haujui, Vitu Vinajua: Hotuba Kuhusu Dunia Inavyojizungusha

Hotuba hii ilitolewa mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi. Tunaiweka yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Wazee wangu, walimu, na nyinyi vijana mliokaa chini kwa sababu viti vimewaishia, hamjambo?

Niwaulize swali moja kabla hatujaenda mbali. Ni nani humu ndani anayehisi kwamba anakwenda? Inueni mikono. Hakuna. Hata mimi sihisi. Lakini mtu aliyesimama kwenye ikweta sasa hivi anabebwa kuelekea mashariki mita 465 kila sekunde, zaidi ya kilomita 1,670 kwa saa. Risasi za bastola nyingi hazifiki hapo. Aliye kwenye latitudo ya nyuzi 60 anakwenda nusu ya mwendo huo. Na aliye kwenye ncha ya dunia yenyewe haendi kokote: anageuka pale pale, nusu ya kasi ya mshale mfupi wa saa.

Kwa nini hatuhisi? Kwa sababu mwili wa binadamu haupimi mwendo, hupima mabadiliko ya mwendo. Ndani ya basi linaloteleza sawasawa kwenye lami nzuri unaweza kumimina maji kwenye bilauri usimwage tone. Dereva akikanyaga breki, hapo ndipo tumbo linakwambia ulikuwa safarini. Dunia haikanyagi breki. Hewa, bahari na ukumbi huu vyote vinakwenda pamoja nasi, kwa hiyo hakuna upepo wa kutupiga usoni.

Mwili haujui. Lakini vitu vinajua. Nyota inajua, uzi unajua, mizani inajua, kimbunga kinajua. Jioni hii tuache kuuliza mwili, tuviulize vitu.

Tuanze na nyota, na nianze kwa kuvunja jambo ambalo sote tulifundishwa, na wengine humu tunaendelea kulifundisha: kwamba dunia hujizungusha mara moja kwa saa 24. Sivyo. Mzunguko mmoja kamili kwenye mhimili ni saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Mnaandika? Andikeni.

Nani atathibitisha? Wewe mwenyewe, bila darubini. Tafuta ukuta wenye pembe iliyonyooka wima, umbali wa mita 10 au zaidi. Chukua kadibodi, itoboe tundu dogo kwa msumari, uibane imara kwenye kitu kisichosogea: nguzo, fremu ya dirisha, mgongo wa kiti kizito. Chungulia kupitia tundu hilo, chagua nyota angavu iliyo karibu na njia ya jua, na uandike saa, dakika na sekunde inapozama nyuma ya pembe ya ukuta. Kesho yake rudi mapema. Nyota ile ile itazama dakika 3 na sekunde 56 kabla ya saa ya jana. Baada ya wiki itakuwa imewahi kwa dakika 27 na nusu. Baada ya mwezi, karibu saa 2 nzima.

Wengi wanaojaribu hushindwa, na makosa ni yale yale. La kwanza, wamechagua sayari badala ya nyota, nayo sayari ina safari zake. La pili, hawakutumia tundu, wakategemea kusimama pale pale waliposimama jana. Hesabu hii muione: ukuta ukiwa mita 10, jicho likisogea sentimita 1 tu, saa uliyoandika inakosea kwa sekunde 14. Ukuta ukiwa mita 3, inakosea kwa sekunde 46. Ukisogea kwa upana wa kiganja, umepoteza jibu lote. La tatu, wamechagua nyota iliyo karibu na ncha ya anga, yaani pale anga zima linapoonekana kuzungukia. Hiyo hukata ukuta polepole mno, na huwezi kusema kwa uhakika imezama lini.

Sasa hizo dakika 4 zimetoka wapi? Simama mbele ya nguzo, uitazame. Izunguke nguzo hiyo mara moja huku uso wako ukiielekea wakati wote. Kwako wewe, nguzo haikuchomoza wala haikutua, ilikuwa mbele ya macho yako safari nzima. Lakini je, umeziangalia kuta ngapi za chumba? Zote nne! Umegeuka mzunguko mmoja ambao nguzo haikuuona. Dunia nayo iko hivyo hivyo. Wakati inajizungusha, pia inalizunguka jua, karibu nyuzi 1 kila siku. Ikishamaliza mzunguko wake mbele ya nyota, inabidi igeuke nyuzi 1 zaidi ili jua lirudi mahali pake, na kwa dunia nyuzi 1 ni dakika 4. Ndiyo maana mwaka una siku 365 na robo, lakini dunia imejizungusha mara 366 na robo.

Haya, nyota imesema. Lakini mbishi atasema: nyota zinaweza kuwa ndizo zinazotuzunguka. Kwa karne nyingi watu wenye akili timamu walishika hivyo, na hawakuwa wajinga. Inahitajika shahidi wa ndani, asiyetazama anga kabisa.

Shahidi huyo alisimamishwa Paris mwaka 1851. Léon Foucault alitundika tufe la kilo 28 kwenye waya wa mita 67 chini ya kuba la Panthéon, akaliacha libembee. Chini ya tufe palikuwa na ncha kali, na kuzunguka sakafu palikuwa na tuta la mchanga. Kila tufe lilipokwenda na kurudi, ncha ilikata mchanga milimita 2 hadi 3 pembeni ya pale ilipokata mwanzo. Hakuna aliyeligusa. Penduli, yaani huo uzito unaobembea, ilishikilia uelekeo wake kadiri ilivyoweza, na jengo ndilo lililogeuka chini yake. Huko Paris duara kamili lilichukua karibu saa 32.

Mbona si saa 24? Kwa sababu sakafu ya Paris haigeuki kama sakafu ya ncha ya kaskazini. Kwenye ncha, sakafu hugeuka nyuzi 15 kila saa. Kwingineko unazidisha 15 kwa saini ya latitudo, yaani ile sine ya hesabu za pembe: kwenye nyuzi 30 unapata nyuzi 7 na nusu kwa saa. Kwenye ikweta saini ni sufuri, na penduli haigeuki kabisa hata ukiisubiri mwezi mzima. Sakafu ya ikweta inabebwa mbele kwa kasi kuliko zote, lakini haipindi kulia wala kushoto. Walimu, hapo wanafunzi huchanganyikiwa. Wapeni muda.

Shule inayotaka kuitengeneza, nawaambia ukweli: vifaa ni rahisi, uvumilivu ndio mgumu. Waya wa chuma wa mita 5, uzito usiopungua kilo 5 wenye umbo la duara, na boriti isiyotikisika. Juu, waya usiufunge kwa fundo wala usiuning'inize kwenye ndoano. Ubane kwa kibano kinachouminya sawasawa pande zote. Fundo lina upande mmoja mgumu na mwingine laini, na penduli itafuata fundo badala ya kufuata fizikia. Acha uzito uning'inie usiku kucha ili msokoto wa waya uishe. Funga madirisha.

Kisha jambo ambalo ndilo lenyewe: usiusukume kwa mkono, wala usiuachie kwa vidole. Uvute pembeni kwa uzi wa pamba, ufunge uzi kwenye nguzo, subiri hadi utulie kabisa, halafu uuchome uzi kwa kiberiti. Kwa nini tusumbuke hivyo? Kwa sababu mkono, hata wa fundi, humpa penduli msukumo mdogo wa pembeni, na badala ya kwenda mstari mmoja inachora duaradufu nyembamba. Duaradufu hugeuka yenyewe hata kama dunia ingesimama. Penduli ya mita 5 inayobembea sentimita 30 kila upande, ikikosea pembeni kwa sentimita 1 tu, itageuka kama nyuzi 13 kwa saa, karibu sawa na dunia yenyewe! Unaweza kushangilia ushahidi kumbe unashangilia kidole chako. Waya mrefu huifanya kasoro hiyo iwe ndogo sana, na hapo ndipo mita 67 za Foucault zilipomsaidia.

Tuje kwenye mizani. Mwaka 1672 mwanafalaki Mfaransa Jean Richer alisafiri hadi Cayenne, pwani ya Amerika Kusini, kiasi cha nyuzi 5 kaskazini mwa ikweta. Alikuwa na saa ya penduli iliyorekebishwa vizuri Paris. Kufika Cayenne, saa ikawa inachelewa kama dakika 2 na nusu kila siku. Haikuharibika. Ilimbidi aufupishe uzi wa penduli karibu milimita 3 ndipo iende sawa. Newton alikuja kuieleza habari hiyo: karibu na ikweta uvutano unaoshika vitu ni hafifu zaidi, kwa sababu dunia inajizungusha, na kwa kujizungusha imetuna kiunoni.

Na kweli imetuna. Kutoka kitovu cha dunia hadi ikweta ni kilomita 6,378, na hadi nchani ni 6,357. Tofauti ni kilomita 21. Kwa hiyo mlima ambao kilele chake kiko mbali kuliko vyote na kitovu cha dunia si Everest. Ni Chimborazo wa Ekuador, ulio karibu na ikweta, ingawa ukipimwa kutoka usawa wa bahari ni mfupi kwa zaidi ya kilomita 2.

Kwa vitendo je? Chukua jiwe la kilo 10, lipime nchani kwa mizani ya springi, kisha ulipeleke ikweta kwa mizani hiyo hiyo. Litasoma pungufu kwa takriban gramu 53. Sehemu kubwa ya upungufu huo ni mzunguko wenyewe, na sehemu iliyobaki ni ule umbali wa kiuno. Mizani ya mawe mawili, ya kulinganisha, haitaona lolote, kwa kuwa pande zote mbili zimepungua pamoja. Ndiyo maana mizani nyeti ya kielektroniki ikihamishwa latitudo husawazishwa upya kwa uzito wa kipimo. Asiyejua hilo atamlaumu fundi.

Mzunguko huo huo ndio unaowafanya wanaorusha roketi wapende ikweta. Ukirusha kuelekea mashariki kutoka ikweta, umeshapewa mita 465 kwa sekunde bure, kati ya kama mita 7,800 zinazohitajika kubaki kwenye mzingo wa karibu. Setilaiti iliyoitwa Uhuru, ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za anga, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta.

Sasa upepo na maji. Naona mkono umeinuka kule nyuma hata sijaanza, na najua swali ni lipi: maji ya beseni. Subiri mzee wangu, nakuja.

Hewa inayotoka ikweta kwenda kaskazini imebeba ile kasi yake ya mita 465 kuelekea mashariki. Ikifika nyuzi 30, ardhi ya hapo inakwenda mita 403 tu. Hewa inakuwa imeitangulia ardhi, nasi tuliosimama chini tunaona upepo umepinda kulia. Kusini mwa ikweta unapinda kushoto. Ndiyo maana vimbunga vya kaskazini huzunguka kinyume cha mishale ya saa, na vya kusini hufuata mishale ya saa. Na ndiyo maana ndani ya nyuzi 5 za ikweta vimbunga ni nadra mno. Joto la bahari lipo, mvuke upo, lakini hakuna cha kuuzungusha upepo. Hewa inakimbilia katikati na kulijaza pengo kabla halijawa kimbunga.

Beseni sasa. Je, maji ya sinki huzunguka upande huu kaskazini na upande ule kusini? Kwa nyumbani kwako, hapana. Msukumo wa dunia kwenye maji yanayotembea mita 1 kwa sekunde ni kama sehemu moja kati ya laki moja ya uzito wake. Namna ulivyoyamimina, umbo la sinki, hata mkono uliochomoa kizibo, vyote vina nguvu kuliko dunia. Ukimwona mtu na mabeseni yake upande huu na upande ule wa mstari wa ikweta, akikuonyesha maji yakibadili mwelekeo ndani ya hatua kumi, usitazame maji. Tazama anavyoyamimina na anavyogeuza mwili. Hapo ikwetani ndipo athari hiyo ilipo karibu na sufuri.

Lakini, na hii lakini ni tamu, ukitulia vya kutosha dunia inashinda. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, alitengeneza tangi la duara lenye upana wa mita 1.8 na kina cha sentimita 15, tundu dogo katikati chini. Alilijaza makusudi kwa kuyazungusha maji kufuata mishale ya saa. Akichomoa kizibo baada ya saa moja au mbili, maji yalitoka yakifuata mishale ya saa, yakikumbuka alivyoyamimina. Akisubiri saa 24, tangi limefunikwa, joto la chumba halibadiliki, yalitoka taratibu kwa dakika kama 20. Dakika nyingi za mwanzo hayakuonyesha chochote, na mwishoni yakazunguka kinyume cha mishale ya saa. Mwaka 1965 watafiti wa Sydney walirudia jaribio hilo, na yao yakafuata mishale ya saa. Kwa hiyo mzee wangu, maji yanajua, lakini yanahitaji siku nzima ya kusahau mkono wako kwanza.

Niingie la mwisho, na ndilo linalowakosesha usingizi watunza saa: dunia haijizungushi kwa kasi ile ile. Mwezi huivuta bahari ikatuna. Dunia, inayogeuka haraka kuliko Mwezi unavyotuzunguka, hulibeba lile tuta la maji mbele kidogo ya Mwezi, na Mwezi hulivuta lirudi. Kupwa na kujaa kwa maji ni breki. Siku inarefuka kama milisekunde 1.8 kwa karne, na nguvu inayopotea kwetu inausukuma Mwezi mbali sentimita 3.8 kila mwaka. Kiasi hicho hupimwa kwa leza inayopiga vioo vilivyoachwa juu yake kuanzia 1969.

Milisekunde 1.8! Nani anajali? Wababeli walijali bila kujua. Tarehe 15 Aprili mwaka 136 kabla ya Kristo waliandika kwenye kigae cha udongo kwamba jua lilipatwa kabisa mjini Babeli, sayari za Zuhura na Utaridi zikaonekana mchana. Ukirudisha hesabu nyuma kwa siku zenye urefu wa leo, kivuli cha kupatwa huko kinaangukia maelfu ya kilomita magharibi mwa Babeli. Wababeli hawakukosea. Dunia ilikuwa inazunguka haraka kidogo, na vijisehemu vya sekunde vya kila siku, vikijumlishwa kwa zaidi ya miaka 2,100, vimefika zaidi ya saa 3. Ni kama saa mbovu: kosa la leo ni dogo, lakini linakaa juu ya kosa la jana. Matumbawe yaliyogeuka mawe yanakwenda mbali zaidi. Mwaka 1963 John Wells alihesabu mistari yao ya kila siku akapata kama 400 kwa mwaka mmoja wa kipindi cha Devoni, karibu miaka milioni 400 iliyopita. Siku ya wakati ule ilikuwa na saa 22 hivi.

Juu ya breki hiyo kuna mitikisiko midogo. Mtu aliyekaa kwenye kiti kinachozunguka akikunjua mikono hupungua kasi, akiikunja huongeza. Pepo za majira zikibadilika, siku hurefuka na kufupika kwa karibu milisekunde 1. Tetemeko la Japani la 2011, kwa hesabu za wataalamu, liliifupisha siku kwa sehemu 1.8 za milioni za sekunde. Na tarehe 5 Julai 2024 siku ilikuwa fupi ya saa 24 kwa milisekunde 1.66, kwa hiyo msidhani kupungua kasi ni mteremko ulionyooka.

Saa za atomu hazijui habari hizo, zinahesabu tu. Kuanzia 1972 zimeongezewa sekunde 27 ili ziisubiri dunia. Ya mwisho ilikuwa 31 Desemba 2016. Kila nyongeza, saa inasoma 23:59:60, namba ambayo programu nyingi hazikuitarajia. Ile ya 30 Juni 2012 iliangusha mifumo mingi: kompyuta zilibaki na vipima muda vinavyotofautiana kwa sekunde moja, kazi zilizopangwa kusubiri zikawa zinaamka papo hapo bila kukoma, prosesa zikachemka. Novemba 2022 mataifa yalikubaliana kwamba ifikapo 2035 pengo kati ya saa na dunia liachwe likue zaidi ya sekunde moja. Binafsi naona ni sawa, ingawa kuna wanafalaki wanaonuna.

Na kabla hamjazima simu zenu, au kuziwasha, maana naona wengine hamkuzizima: ishara ya GPS hutoka kilomita 20,200 juu na kusafiri kama sehemu 7 za mia za sekunde. Katika muda huo, simu iliyo ikweta imeshabebwa mita 32 na nusu kuelekea mashariki. Programu isiyorekebisha hilo ingekuweka kwa jirani. Inarekebisha, kila mara, kimya kimya.

Sasa maswali. Mzee wa beseni, anza wewe.